Shangingi lako lina nguvu ya kuvuta, lakini je, linaweza kubeba?



Tangu nilipotaja hapa kwamba familia yangu tunasafiri na tela la kulala, maswali hayakauki. Wengi ni ndugu wa huku Marekani, na wachache wako nyumbani. Swali ni lile lile: "Mkuu, nina gari la porini, four wheel, mashine kubwa, je litavuta hizi nyumba za tela?"

Jibu langu: kuvuta litavuta. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Swali la kuuliza siyo hilo, na mimi nilijifunza swali sahihi nikiwa na mama yangu mzazi, mke wangu na watoto wawili ndani ya gari. Naomba mnivumilie nieleze taratibu.

Ilikuwa kiangazi cha 2023. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Same, na tukapanga kumpeleka Colorado akaone milima yenye theluji wakati wa joto. Nilikuwa na Toyota 4Runner, ambayo nilikuwa nimeipamba kwelikweli: bampa la chuma mbele, keria la chuma juu, matairi makubwa ya matope. Kitabu cha gari kinasema inavuta paundi 5,000, kama kilo 2,270. Nikaenda kwa muuza matela, akanionyesha moja zuri, lina vitanda, jiko, choo, kila kitu. Karatasi ya matangazo ilisema kilo 1,680 likiwa tupu. Yule bwana akaniambia, "Gari lako hilo? Hata halitasikia." Nikasaini mkopo siku hiyo hiyo. Wala sikumuuliza zaidi, kosa ni langu.

Siku ya safari tukapakia. Nikaona nyuma ya gari imekaa chini na taa zinaangalia mbinguni. Nikajiona mjanja: nikahamisha vitu vizito, jenereta, baiskeli za watoto, boksi la vifaa, nikaviweka mwisho kabisa wa tela. Nikajaza na tanki la maji, nalo liko nyuma ya ekseli. Gari likanyooka vizuri. Nikafurahi!

Tukapita Topeka, tukapita Salina, I-70 inakwenda moja kwa moja kuelekea magharibi. Anayeijua Kansas anajua upepo wake, hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia. Nilikuwa kwenye maili 68 kwa saa, kama kilomita 110, tunateremka kidogo. Lori refu likatupita kushoto. Upepo wa lori ukalisukuma tela kulia, kisha likarudi kushoto, kisha kulia tena, na kila likirudi linazidi. Mara ya nne nililiona tela zima kwenye kioo cha pembeni, kana kwamba linataka kunipita. Usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Mke wangu alisema neno moja tu, "Baba Neema!" Mama alikuwa anasali kwa sauti.

Mguu wangu ulikuwa unaelekea kwenye breki. Kilichotuokoa ni kitu nilichowahi kukisoma kwa bahati: USIKANYAGE BREKI YA GARI. Ukikanyaga kwa nguvu, gari linapunguza mwendo na tela linaendelea kulisukuma kwa nyuma, mnajikunja kama kisu. Wala usijaribu kulifuata kwa usukani. Nikaachia mafuta, nikashika usukani umenyooka, nikabana kwa mkono kile kiswichi cha breki za tela kilicho chini ya usukani. Breki za tela peke yake zinalivuta nyuma, linanyooka. Likanyooka. Tukasimama pembeni, hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu.

Sasa twende kwenye maelezo, maana hapa ndipo penye somo.

Tela la ekseli za katikati linategemea kitu kimoja: uzito unaokaa kwenye ile pua ya mbele inayoungana na gari. Wamarekani wanaiita ulimi. Kwa matela ya kulala, ulimi unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ukiwa chini ya hapo, uzito umerudi nyuma, na tela linakuwa kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwenye mkia: likiguswa kidogo tu linaanza kutikisika, na mwendo mkali unaongeza mtikisiko. Ndicho nilichokifanya mimi kwa ujanja wangu wa kunyoosha gari.

Tukatoka barabara kuu, tukarudi Salina polepole kwa barabara ya ndani. Pale kuna vituo vya malori vyenye mizani, unalipa hela kidogo unapima. Nyumbani tumezoea mizani kama adhabu ya madereva wa malori na mabasi, huku nimeiona kama hospitali. Unapima mara mbili: kwanza ukiwa umeunganisha tela, kisha unaliacha pembeni unapima gari peke yake. Tofauti ya uzito wa gari kati ya mara ya kwanza na ya pili ndio uzito wa ulimi. Ukiujumlisha na uzito uliosomeka kwenye matairi ya tela, unapata tela zima.

Tela lilikuwa kilo 2,090. Yaani lile la kilo 1,680 la kwenye karatasi halipo duniani! Ile ni kabla ya maji, gesi, betri, sufuria, magodoro na chakula. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mimi nilikuwa na lita 150. Ulimi ulikuwa kilo 130, asilimia 6 tu.

Nikasema basi rahisi, narudisha vitu mbele ulimi ufike asilimia 12, kilo 250. Hapo ndipo nilipofungua mlango wa dereva na kusoma, kwa mara ya kwanza maishani, ile karatasi ndogo ya njano na nyeupe kwenye nguzo ya mlango. Inaeleza uzito wa watu na mizigo ambao gari halitakiwi kuuzidi. Yangu iliandika kama kilo 500.

Tukapiga hesabu juu ya boneti, binti yangu akiandika:

- Bampa la chuma na keria: kilo 80. Karatasi inahesabu gari lilivyotoka kiwandani, kila unachoongeza kinatoka kwenye hizo 500.
- Sisi watano: kilo 317. Ndiyo, na dereva anahesabiwa.
- Mabegi na boksi la barafu: kilo 45.
- Vyuma vya kuungia tela: kilo 40.

Jumla 482. Zimebaki kilo 18. Na ulimi unataka 250!

Mnaona mtego, wadau? Nikipeleka uzito nyuma, tela linayumba. Nikiuleta mbele inavyotakiwa, gari limezidiwa kilo 232. Hakuna namna ya kupanga mizigo ile ikawa salama. Na wakati wote huo nilikuwa "ndani ya kiwango" cha kuvuta, kilo 2,090 chini ya 2,270. Muuzaji hakudanganya kuhusu namba, ila namba hiyo haikuwa ile iliyonihusu.

Mama alikuwa kimya anasikiliza, kisha akauliza kwa utulivu: "Mwanangu, hivi huyo aliyekuuzia, hakuuliza tutakuwa wangapi ndani?" Hakuuliza, na mimi sikumwambia.

Watu wanashangaa, gari linalopanda mawe na kuvuka mito linashindwaje na tela? Sababu ni kwamba linalolifanya liwe zuri porini ndilo linaloliumiza barabarani. Porini unataka springi laini zinazocheza sana ili kila tairi liguse ardhi. Ukiwekea springi hizo kilo 250 nyuma ya ekseli, gari linakuwa kama pembea: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka, na matairi yanayokata kona na kufunga breki nyingi ndiyo hayo yaliyonyanyuka. Porini unataka gari fupi na refu kwenda juu. Barabarani gari fupi linazungushwa kirahisi na tela refu.

Mfano mzuri ni Jeep Wrangler. Kwa miaka mingi ile ya milango minne imeandikwa kuvuta paundi 3,500, na ya milango miwili paundi 2,000 tu. Toyota Sienna, lile gari la kupeleka watoto shule, nalo huandikwa 3,500. Mbabe wa porini na gari la akina mama, sawasawa!

Ndugu wa nyumbani mwenye Land Cruiser asicheke. Kule Australia, series 200 na 300 huandikwa kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Sawa, lakini asilimia 10 ya hizo ni kilo 350 kwenye ulimi. Toa hizo kwenye uwezo wa gari kubeba, toa bampa, toa winchi, toa hema la juu, toa tanki la pili la dizeli. Kisha hesabu kama shemeji na watoto wana nafasi.

Na hapo nilikuwa bado sijafika milimani. Mbele yangu kulikuwa na handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wanielewe: ni juu kuliko Mandara, chini kidogo ya Horombo. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, kwa hiyo pale juu theluthi moja ya nguvu imekwenda. Halafu unateremka. Barabara ile ina njia za dharura zenye kokoto za kunasa malori yaliyokatika breki. Dereva wa lori anayeshuka Kitonga kwa gea ndogo anaijua hesabu hii kuliko sisi wenye mashangingi: breki ni za kusimama, kushuka ni kazi ya gea.

Colorado hatukwenda. Tulimwaga maji, tukaacha jenereta na baiskeli kwa jamaa yetu pale Salina, tukajikongoja kwa maili 45 kwa saa hadi ziwa Kanopolis, siyo mbali. Tukakaa siku nne. Mama alikaanga samaki, watoto wakaogelea. Tela tukaliuza vuli ile kwa hasara ya zaidi ya dola 6,000, na mke wangu hanikumbushi, lakini anaijua namba hiyo.

Sasa tuna tela dogo la kukunja, likiwa limejaa ni kilo 900. Likifungwa liko chini, halikingi upepo kama ukuta. Nalo pia nililipima kabla ya kulipa.

Kwa anayetaka kununua, fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Soma karatasi ya mlangoni kwanza, kabla ya kitabu cha tela.
2. Toa vyuma vyote ulivyoongeza, toa familia yako yote, toa mabegi. Kinachobaki ndicho ulimi wako wa juu kabisa.
3. Gawa kwa 0.13. Hapo umepata uzito wa tela lililojaa ambalo familia yako inaweza kulimudu. Kama ni zaidi ya kiwango cha kuvuta cha gari, shika kile kiwango.
4. Usisikilize uzito wa tela tupu. Tazama uzito wa juu ulioandikwa kwenye bati la tela lenyewe.
5. Breki za tela ni lazima, na ujue kiswichi chake kilipo hata gizani.
6. Vile vyuma vya springi vya kugawa uzito vinasaidia sana, ila haviongezi kilo hata moja kwenye ile karatasi ya mlangoni.
7. Pima mizani. Dakika ishirini tu.

Kiangazi cha 2024 tulivuka handaki la Eisenhower na kale katela. Mama alikuwa amesharudi Same, tukampigia video akaiona theluji kwenye simu. Akasema inapendeza, kisha akauliza: "Na mmepima?"

Tumepima, mama.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wenye uzoefu wa kuvuta matela huku na huko nyumbani karibuni mtoe maoni hapo chini, na kama nimekosea mahali nisahihisheni bila matusi.