Mkopo wa Chuo Kikuu: Tuufahamu Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka barua za kuitwa vyuoni zinapotoka, nyumba nyingi za hapa Kuze huingiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Mchana ni vigelegele na pongezi za majirani. Usiku baba na mama hawalali, wapiga hesabu. Mama mmoja alitujia na barua ya mwanawe mkononi, akatuuliza: "Haya wanangu, hebu niambieni. Hili deni nitalilipa mimi au atalilipa yeye? Na akimaliza kusoma, kazi iko?"

Tuliona maswali yake ni ya watu wengi, kwa hiyo tumeamua kuyajibu hapa polepole, kadiri tunavyofahamu. Tunawaomba wazazi na vijana wasome pamoja, maana deni la masomo ni jambo la nyumba nzima.

MKOPO HUU ULITOKA WAPI?

Watu wengine hudhani mikopo ya wanafunzi ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mfuko huo ulisimama nchi ilipopata uhuru. Mwaka 1974 serikali ikaanza mpango mwingine chini ya Wizara ya Elimu, kwa wanafunzi waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Pesa zilitoka, lakini kuzirudisha kukawa kazi. Wengi walichukulia kwamba pesa za serikali ni zawadi.

Mwaka 1991 mambo yakabadilika. Serikali ilianza kuwataka wanafunzi wachangie gharama za masomo yao. Halafu mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB. Bodi hii ilipewa kazi mbili: kukopesha, na kudai. Hii ya pili ndiyo watu huisahau wanapojaza fomu.

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu na serikali alilipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo ulimsaidia kwa chakula, malazi na vitabu. Mwaka 2023 serikali ilileta mpango mpya. Tangu hapo msaada hupimwa kwa uwezo wa familia. Mpango huu umeshafikishwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema haupatani na Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Ada zenyewe pia zilipunguzwa mwaka 2025. Kwa hivyo usitegemee hesabu ya mtoto wa jirani aliyeingia miaka mitatu iliyopita. Uliza ya mwaka wa mwanao.

HESABU YAKE IKOJE?

Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, familia zimegawanywa katika madaraja matano. Tuchukue daraja la pili, la familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 23,670 kwa mwezi. Wengi wetu hapa mtaani, wenye duka dogo, cherehani, au mshahara wa kibarua, twaweza kuangukia hapo. Ada ya kozi hugawanywa hivi:

- asilimia 60 ni msaada wa serikali, haurudishwi;
- asilimia 30 ni mkopo;
- asilimia 10 hulipwa na familia.

Juu ya hayo, mwanafunzi wa daraja hili hupewa shilingi 55,000 kwa mwaka za kujikimu.

Sasa tuseme kozi ina ada ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Serikali itatoa 120,000, familia 20,000, na mkopo wa ada utakuwa 60,000. Mzazi akiona hivyo husema, "Alhamdulillahi, deni ni elfu sitini tu." Ngoja kwanza. Zile 55,000 za kujikimu, ambazo vijana huziita "boom", ni mkopo pia. Kwa hiyo deni la mwaka mmoja ni 115,000. Kwa miaka minne ni shilingi 460,000, kabla riba haijaongezwa.

Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukilinganisha na benki, ni ndogo. Deni hilo la 460,000 likilipwa sawasawa kwa miaka 10, ni karibu shilingi 4,660 kila mwezi, na riba yote itafika kama 99,000. Kwa mtu mwenye mshahara wa 50,000 ni mzigo unaobebeka. Kwa mwenye 25,000 ni karibu sehemu ya tano ya mshahara wake, na bado hajalipa nyumba wala hajala.

HATARI IKO WAPI HASA?

Tumewasikia vijana wakilalamika, "Riba imenimaliza." Tulipokaa nao na kuangalia karatasi zao, mara nyingi tuliona kilichowamaliza ni faini. Sheria inataka mtu aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipolipa, hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Hiyo ni 60,000 kwa mwaka. Kwa lile deni letu la 460,000, riba ya mwaka wa kwanza ni 18,400. Faini peke yake ni zaidi ya mara tatu ya riba.

Mwenye deni dogo ndiye huumia zaidi, kwa sababu faini haiangalii ukubwa wa deni. Aliyekopa 200,000 akanyamaza kwa miezi 40, faini pekee inafika 200,000. Deni limezaa deni kama lenyewe, na huenda kijana huyo hajapata kazi hata siku moja.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyoletwa na waliokuwa wanafunzi, kwamba hata HELB inafungwa na kanuni isiyoruhusu nyongeza za deni zipite deni lenyewe lililobaki. Ni vizuri kila mwenye deni la zamani aijue hukumu hii, achukue taarifa ya deni lake, na kama nyongeza zimepita kiasi, aulize kwa maandishi.

Tena asiyelipa anaweza kupelekwa jina lake kwa kampuni zinazoweka kumbukumbu za wenye madeni. Huko akikwama, hata mkopo wa kununua bodaboda au wa kufungua duka atanyimwa.

NANI ATALIPA?

Turudi kwa yule mama. Jibu ni kwamba deni ni la mwanafunzi. Akiajiriwa, mwajiri hukata mshahara wake na kupeleka pesa kwa Bodi. Lakini fomu ya mkopo hutaka wadhamini wawili, na mara nyingi mdhamini ni mama au baba. Kutia sahihi kama mdhamini si kushuhudia tu kwamba huyu ni mwanangu. Ni kusema, "Huyu akishindwa, mje kwangu." Tulipomweleza hivyo, yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi pia ni mkopaji." Tulimwambia ameelewa vizuri kuliko wengi waliosoma.

Hatumzuii mzazi kumdhamini mwanawe. Twasema tu aisome fomu, au asomewe, kabla ya kutoa kitambulisho.

JAMBO LA RIBA

Wengi wa majirani zetu hapa Kuze ni Waislamu, na riba kwao imekatazwa, iwe asilimia 4 au nusu. Jambo hilo si letu kuliamua. Wana masheikh wao wa kuwauliza. Lakini tumeona watoto waliofaulu wakikaa nyumbani kwa sababu wazazi walidhani mkopo ndiyo njia ya pekee. Ziko njia nyingine: basari ya kaunti, basari ya CDF ya eneo bunge la Mvita, ndugu walio Ughaibuni, mchango wa ukoo, na mchezo wa kina mama. Basari hizi huwa na siku ya mwisho ya kuomba, na wengi hukosa kwa kuchelewa fomu tu.

Tukumbuke pia historia ya mji wetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu. Elimu ya mji huu ilijengwa kwa kuchangiana. Twaweza kuchangiana tena.

JE, CHUO KINA FAIDA?

Hili ni swali la pili la yule mama, nalo halina jibu moja. Shahada ya uhandisi hufungua mlango ambao hauna ufunguo mwingine. Huwezi kuwa daktari kwa kujifunza barazani. Lakini shahada iliyochaguliwa kwa sababu jina lake latamkika vizuri kwenye harusi inaweza kumwacha kijana na deni la miaka 10 na kazi ambayo angeipata bila hiyo.

Mtu anahitaji C+ kuingia shahada. Aliyepata C- anaweza kusoma diploma, na walio chini ya hapo kuna kozi za cheti na ufundi. Hapa kwetu hatuwaheshimu mafundi sawasawa, ingawa mji wetu wenyewe ulijengwa na mafundi: wachonga milango, waunda majahazi, masonara, washonaji wa kanzu. Leo bandari yataka mafundi wa mitambo na makarani wa kutoa mizigo, na kila nyumba yatafuta fundi wa umeme na wa friji. Kozi ya ufundi huwa fupi, na deni lake huwa dogo. Na anayetaka anaweza kupanda baadaye kutoka cheti hadi diploma hadi shahada, huku akifanya kazi.

Pia tuangalie mahali. Kijana wa Kuze akisoma Tudor hulala kwao na kula kwao. Akienda Eldoret au Maseno, kuna nauli, kodi ya chumba na chakula. Kozi moja, shahada ileile, lakini gharama si moja.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kabla ya kuchagua kozi, hakikisha imeidhinishwa, na kwamba bodi ya taaluma hiyo inaitambua. Bodi ya wahandisi iliwahi kukataa kuwasajili wahitimu wa baadhi ya vyuo. Wao walikuwa na shahada mkononi na deni mgongoni.

2. Waulize watu watatu waliomaliza kozi hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita wanafanya kazi gani.

3. Kopa unachohitaji. "Boom" ikiingia, si ya simu mpya. Kila shilingi utairudisha na nyongeza.

4. Weka faili. Barua, fomu, risiti na taarifa za deni zikae pahali pamoja.

5. Ukimaliza masomo na huna kazi, usijifiche. Iandikie Bodi ujieleze, na lipa hata kidogo unachoweza. HELB huhudumia watu katika Huduma Centre, na ya Mombasa iko Posta Kuu, Digo Road. Kutoka Kuze ni mwendo wa miguu.

6. Mara kwa mara Bodi hutoa msamaha wa sehemu kubwa ya faini kwa anayelipa deni lote kwa mkupuo. Ukisikia tangazo hilo, ukoo unaweza kuchanga, kumtoa mtu mmoja kwenye shimo.

7. Tangu sheria ya kazi iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri hapaswi kukudai cheti cha HELB kabla hajakupa kazi. Kijana asiache kuomba kazi kwa sababu ana deni.

Majirani zetu pia wanahangaika na jambo hili. Tanzania ina bodi yake ya mikopo kwa sheria ya mwaka 2004, na wadaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2021 serikali ya huko iliondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongeza madeni kila mwaka, baada ya wafanyakazi kulia kwa muda mrefu. Hilo latuonyesha kwamba sheria za mikopo zimewekwa na watu, na watu wakisema kwa umoja zinaweza kurekebishwa. Hata faini yetu ya 5,000 kwa asiye na kazi yafaa tuizungumze na wabunge wetu.

Yule mama mwishowe alitia sahihi. Lakini kwanza alimkalisha mwanawe, wakaandika hesabu yote kwenye daftari la shule, na wakakubaliana nani atalipa nini na lini. Daftari hilo liko ndani ya kabati, pamoja na cheti cha kuzaliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika mtaa wetu, ni vijana wangapi tunaowajua wenye shahada na deni, lakini hawana kazi? Tumewasaidiaje?
- Kwa nini tunamtukuza aliyekwenda chuo kikuu kuliko fundi? Je, ni haki?
- Kikundi chetu chaweza kuanza mfuko mdogo wa masomo? Nani atausimamia, na aliyesaidiwa atarudishaje?