Fahamu: Kwa nini utafiti wa nyasi hufutwa ukichapishwa mara mbili

Asubuhi wilayani Gasabo, pembezoni mwa Kigali, mzigo wa matete hupita kichwani kuelekea banda la ng'ombe wa Girinka, mpango wa Rwanda wa kuzipa familia maskini ng'ombe ulioanza 2006. Wengine hupanda brakiaria, nyasi ya Afrika iliyoboreshwa Amerika Kusini ikarudi nyumbani. Ipi inafaa? Majaribio ya shambani ndiyo hujibu.

Lakini jaribio moja likitokea katika majarida mawili, wanaojumlisha matokeo huweza kulihesabu mara mbili. Si jambo dogo: mwaka 1997 jarida la BMJ lilionyesha nakala kama hizo zilivyokuza kupita kiasi makadirio ya ufanisi wa ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, kwa asilimia 23.

Ndiyo maana kwa kawaida makala ya pili hufutwa. Ya kwanza hubaki. Takwimu zenyewe huenda ni sahihi, hivyo mfugaji asikimbilie kung'oa nyasi zake.