Kutinda Nyusi Masisi na Walikale: Unywele, Ngozi na Hali ya Hewa

Kutinda nyusi ni kuondoa nywele chache ili zinazobaki zionekane vizuri. Fundi hupimwa kwa alichokiacha kuliko alichokitoa, kwa sababu unywele wa nyusi hurudi taratibu na ngozi iliyo chini yake hutunza alama ya kila jeraha. Katika saluni za mbao na mabati za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi hii hutegemea pia mwinuko wa nchi na unyevu wa hewa. Masisi ni nchi ya vilima vya malisho, na vilele vyake vingi vinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi kuna ukungu na baridi. Kuelekea magharibi ardhi hushuka hadi Walikale, kwenye msitu mnene wa mvua, joto na unyevunyevu. Nta, sukari, wanja na hata maji yanayochemka huwa na tabia moja huku na tabia nyingine kule.

Nyusi hukaa juu ya ukingo wa mfupa wa paji la uso, mahali misuli kadhaa inapokutana. Msuli wa paji huziinua, msuli mdogo wa kati huzivuta karibu mtu anapokunja uso, na ule unaolizunguka jicho huzishusha. Ndiyo maana zinaonyesha mshangao, hasira au huzuni kabla mdomo haujafunguka. Kazi yake nyingine ni kuchepusha jasho na maji ya mvua ili yapite pembeni mwa jicho. Mwaka 2003 watafiti Javid Sadr, Izzat Jarudi na Pawan Sinha waliwaonyesha watu picha za nyuso maarufu, baadhi zikiwa zimefutwa macho na nyingine zimefutwa nyusi. Nyuso zisizo na nyusi zilikuwa ngumu zaidi kutambulika kuliko zisizo na macho. Anayebadili nyusi za mteja, basi, anagusa kile ambacho ndugu na majirani humtambua nacho, na hilo linatosha kumfanya asiende kwa haraka.

Nywele zenyewe hazilali upande mmoja. Karibu na pua huota zikielekea juu. Katikati, zile za safu ya juu huinama chini na zile za safu ya chini hupanda, zikikutana kwenye mstari mmoja. Mkiani hulala kuelekea sikio. Fundi asiyeufuata mpangilio huo hukata unywele katikati badala ya kuung'oa, nao huota ukiwa umejipinda chini ya ngozi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa nywele za kipilipili, ambazo hata kifuko zinamoota kimepinda.

Unywele wa kichwani huweza kukua kwa miaka kadhaa kabla ya kuanguka. Wa nyusi hukua kwa wiki chache tu, kisha hupumzika kwa miezi, na ndiyo sababu haurefuki hadi kufunika jicho. Wakati wowote, sehemu kubwa ya nywele za nyusi ziko kwenye mapumziko, hivyo zikitolewa nyingi kwa siku moja hazirudi pamoja. Pengo linaweza kuchukua miezi minne kujaa. Kifuko kinachong'olewa mara kwa mara kwa miaka mingi huchoka, na kwa wanawake wengi waliopenda nyusi nyembamba kama uzi tangu ujanani, nywele hazirudi tena.

Kabla ya kushika chombo chochote kuna kuangalia. Mteja huketi wima, uso ukielekea mlangoni penye mwanga wa mchana, kwa kuwa umeme ni haba na taa ya tochi hutupa kivuli cha upande mmoja. Akilala, ngozi ya paji huteleza na kipimo hupotea. Aambiwe alegeze uso: watu wengi huinua nyusi moja bila kujua, na fundi akiisawazisha katika hali hiyo, zitatofautiana pindi mteja atakapotulia. Vipimo vitatu huchukuliwa kwa uzi ulionyooshwa kutoka ubavu wa pua. Uzi ukipanda wima kupitia pembe ya ndani ya jicho, huonyesha nyusi zianzie wapi. Ukipita ukingo wa nje wa mboni, huonyesha mahali pa tao. Ukipita pembe ya nje ya jicho, huonyesha mwisho wa mkia. Nukta za penseli ya wanja huwekwa hapo, na kinachotolewa ni kile kilicho nje ya nukta. Hata hivyo kanuni hii ni ya kuanzia tu. Uso wa mtu haulingani pande zote mbili, na mfupa wa mteja ndio unaoamua tao likae wapi. Kulilazimisha lifuate picha ya simu ni kumtoa mteja na uso usio wake.

Macho ya fundi huweza pia kugundua ugonjwa. Nyusi zilizopungua upande wa nje, pamoja na uchovu na ngozi kavu, ni dalili mojawapo ya tezi ya shingo kufanya kazi polepole. Milima ya Kivu ina historia ndefu ya rovu lililotokana na upungufu wa madini ya joto, na kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilifanyiwa utafiti mwingi kuhusu hilo. Ukoma nao, ambao bado uko Kongo, mara nyingine hupukutisha nyusi za pembeni na kuacha mabaka yasiyohisi mguso. Mteja wa namna hiyo anahitaji kituo cha afya kabla ya wanja.

Chombo cha bei ndogo kuliko vyote ni wembe. Hukata unywele usawa wa ngozi, hauumizi, na matokeo yake hudumu siku chache tu. Wengi huamini kwamba wembe huzidisha nywele. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa maumbile ya mwili huko Marekani, alipima nywele za watu walionyolewa mara kwa mara na hakuona zikinenepa wala kukua kasi zaidi. Kinachodanganya mkono ni ncha: unywele wa asili huchongoka mwishoni, uliokatwa hubaki butu na hukwaruza.

Kibano hutoa unywele mmoja mmoja na humpa fundi udhibiti mkubwa kuliko zana nyingine. Ngozi huvutwa kwa vidole viwili, unywele hushikwa karibu kabisa na shina na kuvutwa kuelekea unakoota. Maumivu huja kwa sababu mzizi umezungukwa na neva za tawi la juu ya jicho. Kubonyeza mahali hapo kwa kidole mara baada ya kuvuta hupunguza uchungu. Nadharia ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965 inaeleza kwamba hisia ya mguso huziba kwa kiasi njia ya ishara za maumivu katika uti wa mgongo.

Uzi ni ufundi wa zamani kutoka India na Iran. Uzi wa pamba hufungwa kuwa duara na kusokotwa katikati. Vidole vikifunguliwa upande mmoja, msokoto hukimbilia upande wa pili ukinasa nywele na kuzing'oa kwa safu. Hauhitaji moto wala umeme, hauondoi tabaka la ngozi, na kipande chake hutupwa baada ya mteja mmoja. Kwa saluni ya Nyabiondo, Masisi, au ya Mubi, Walikale, uzi una faida nyingi kuliko njia zote. Ubaya wake ni pale fundi anaposhika ncha kwa meno, mate yakasafiri hadi kwenye ngozi iliyofunguka. Ncha hiyo hufungwa shingoni badala yake.

Nta na sukari ndizo zinazodai elimu zaidi. Nta ya nyuki, inayopatikana kwa warina asali, huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na kiasi hicho cha joto huunguza ngozi ya binadamu kwa sekunde chache. Nta za madukani huchanganywa na utomvu ili zilainike kwenye joto dogo zaidi. Mahali pasipo mashine ya kupashia, nta isiwekwe moja kwa moja juu ya makaa; sufuria yake huwekwa ndani ya sufuria ya maji, na fundi huijaribu kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Kope la juu lina ngozi nyembamba kuliko sehemu nyingine zote za mwili, hivyo nta haipakwi juu yake, na kijiti kilichogusa mteja hakirudishwi sufuriani.

Sukari ni rahisi kupatikana: sukari, maji kidogo na maji ya ndimu huchemshwa hadi yawe na rangi ya dhahabu. Asidi ya ndimu huvunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi kuwa chembechembe. Kwenye usawa wa bahari uji huo huwa tayari karibu na nyuzi 118. Lakini kiwango cha kuchemka hupungua kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kwenye vilima vya Masisi vilivyo mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93, na uji wa sukari hufikia uzito uleule ukiwa na joto pungufu kwa nyuzi kama saba. Anayefuata kipimajoto na maelekezo ya pwani ataupika kupita kiasi na kupata kitu kigumu kama pipi. Kipimo cha kuaminika ni tone: likidondoshwa kwenye maji baridi liwe donge laini linalobonyea. Asubuhi ya baridi donge hilo hukandwa mkononi mpaka lipate joto la mwili. Walikale tatizo ni kinyume chake, kwa kuwa fruktosi hufyonza unyevu wa hewa na donge lililokuwa zuri asubuhi huteleza mchana. Huko hupikwa muda kidogo zaidi, huhifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, na ngozi hupanguswa jasho na kupakwa poda kwanza. Sukari hupakwa kinyume cha unywele na kuvutwa kuelekea unywele unakoota. Mabaki huoshwa kwa maji tu.

Ngozi nyeusi ina namna yake ya kujibu jeraha. Ikiungua au ikichubuka, chembe zinazotengeneza melanini huamka na kuacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Baadhi ya watu huota keloidi, kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda. Mwenye makovu hayo kifuani au sikioni asichanjwe nyusi kwa sindano za rangi. Tahadhari kubwa kuliko zote ni kwa wanaojichubua. Krimu zenye dawa kali za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba mno, na nta inaweza kuibandua pamoja na nywele. Fundi huuliza swali la kujichubua kwa sauti ya chini, mbali na wateja wengine, kwa sababu wengi huona aibu kulijibu. Jibu likiwa ndiyo, hutumia uzi au kibano.

Kuhusu rangi, hina ya asili hutoa wekundu au kahawia. Zinazotoa weusi wa haraka, kama piko la pwani, huwa na kemikali ya parafenilenediamini, ambayo huvimbisha na kuchoma ngozi za baadhi ya watu. Miaka ya 1930 rangi ya nyusi na kope iliyoitwa Lash Lure ilipofusha wanawake nchini Marekani, na kisa hicho kilichangia kupatikana kwa sheria ya vipodozi ya mwaka 1938. Rangi yoyote hujaribiwa nyuma ya sikio saa 48 kabla.

Usafi ndio sehemu isiyo na mjadala. Virusi vya homa ya ini aina ya B hubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye doa la damu lisiloonekana kwa macho. Wembe ni wa mtu mmoja na hutupwa kwenye chupa ngumu. Bidhaa za mji wa Goma hupitia Sake kuingia Masisi, na barabara inapofungwa kwa vita wembe huwa haba. Hapo afadhali kutumia uzi kuliko kurudia wembe. Vibano husuguliwa kwa sabuni, kisha huchemshwa dakika 20, na vilimani muda huongezwa kwa kuwa maji hayafiki nyuzi 100. Badala yake huweza kulowekwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kisha kusuuzwa ili visipate kutu. Wakazi wanaijua klorini tangu mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ambao mwaka 2019 ulifika Pinga, Walikale. Mwaka 2024 ugonjwa wa vipele wa mpox nao ulisambaa Kivu. Mteja mwenye vipele vipya usoni hatindwi, huelekezwa kituo cha afya.

Baada ya kutinda, kitambaa safi chenye maji baridi hutuliza wekundu. Vipodozi na mkono mchafu visiguse nyusi kwa siku nzima, na kwa siku mbili hivi mteja hujikinga na jua kwa kofia au kitambaa, hasa Masisi, ambako mionzi ya jua huwa mikali zaidi kadiri mtu anavyopanda. Nywele mpya huanza kuonekana baada ya wiki tatu hadi nne, na huo ndio muda wa kurudi. Aliyetolewa nyingi mno mahali pengine huachwa bila kung'olewa unywele kwa wiki nane au zaidi. Katika kipindi hicho fundi hupunguza ncha ndefu kwa mkasi na kujaza mapengo kwa penseli.