Chanjo ya influenza kwa watoto: kinga hupimwaje? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini virusi vya influenza hubadilika kila mwaka. Leo tuingie maabara, maana swali wanalouliza zaidi wazazi wa Njombe na Makambako ni hili: mtoto akishachomwa sindano, itajulikanaje kuwa chanjo imefanya kazi?

Jibu limo kwenye damu. Watafiti humtoa mtoto damu kidogo kabla ya chanjo, kisha tena baada ya wiki tatu au nne. Kipimo kinachotumika kinatokana na jambo aliloligundua George Hirst mwaka 1941: virusi vya influenza hunasa chembe nyekundu za damu na kuziunganisha. Vikichanganywa katika kishimo cha sahani ya maabara, chembe hutanda, hazizami. Lakini majimaji ya damu ya mtoto yakiwa na kingamwili, virusi hudhibitiwa kabla havijanasa chochote, na chembe hutuama chini zikaacha nukta nyekundu. Majimaji hayo huzimuliwa hatua kwa hatua, 1:10, 1:20, 1:40, na kuendelea, mpaka nukta itoweke. Hatua ya mwisho yenye nukta ndiyo kiwango cha mtoto huyo.

Kwa miaka mingi 1:40 ilihesabiwa kuwa alama ya kinga. Asili yake ni utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1972, uliohusu watu wazima waliojitolea kuwekewa virusi: kwa kiwango hicho, hatari ya kuambukizwa ilipungua kwa nusu. Watoto nao wakapimwa kwa rula ya wakubwa. Ndipo mwaka 2011 Steven Black na wenzake walipoonyesha kuwa kwa watoto wa chini ya miaka sita, 1:40 iliendana na kinga ya asilimia 22 tu. Kufikia asilimia 50 kulihitaji kama 1:110. Hili nalisisitiza sana. Ripoti ikisema watoto wengi "wamepata kinga", kwanza tuulize alama imewekwa wapi.

Umri nao una uzito. Kijana wa sekondari ya bweni ameshakutana na influenza mara kadhaa, hivyo dozi moja huamsha kumbukumbu iliyomo mwilini. Mtoto wa miezi minane huenda hana kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo watoto wa miezi 6 hadi miaka 8 wanaochanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikipishana angalau wiki nne.

Kwetu kuna jambo jingine zito. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Wapo watoto wetu waliozaliwa na virusi hivyo. Afrika Kusini, Shabir Madhi na wenzake waliwachanja watoto wadogo wenye VVU, wengi wao wakiwa tayari kwenye ARV. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kinga hafifu.

Chanjo ya influenza haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania. Siku serikali itakapofikiria kuiingiza, damu ya watoto wa nyanda hizi za baridi, wenye VVU na wasio navyo, lazima iwemo katika vipimo. Majibu ya watoto wa Ulaya hayawezi kujibu kwa niaba yao.

Itaendelea.