Kompyuta ya Parokia Ikiibiwa: Tumepoteza Chombo au Siri za Waamini?

Katika ofisi nyingi za parokia, kompyuta mpakato hukaa mezani kando ya kitabu cha ubatizo. Ndani yake mna orodha za familia za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hesabu za zaka, na pengine barua za wanandoa waliomwendea paroko na shida zao. Mwizi huona mali ya kuuza. Sisi hatuna budi kuona amana tuliyokabidhiwa.

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko ahakikishe kwamba vitabu vya parokia vinaandikwa kwa usahihi na kutunzwa vizuri. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Hivyo, uzembe katika jambo hili humgusa hata mwamini ambaye hajawahi kuingia ofisini.

Tuanze na yaliyo rahisi. Kompyuta isiachwe ndani ya gari wala karibu na dirisha. Usiku ifungiwe kabatini. Kompyuta nyingi zina tundu dogo ubavuni la kufungia waya wenye kufuli. Tuandike namba yake ya utambulisho, ambayo aghalabu huwa chini ya kompyuta, tuihifadhi pamoja na risiti na picha, mahali pengine kabisa. Bila namba hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba kompyuta iliyokamatwa ni yetu.

Wengi hudhani nywila inatosha. Sivyo: mwizi anaweza kuchomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine na kusoma kila kitu. Dawa yake ni kuifunga diski yote kwa maandishi ya fumbo, yasiyosomeka bila ufunguo. Kazi hiyo hufanywa na BitLocker katika matoleo ya Windows yaliyo nayo, na FileVault katika kompyuta za Apple. Ufunguo wa akiba uandikwe na kutunzwa mbali na kompyuta, maana ukipotea, hata sisi wenyewe tunaweza kufungiwa nje.

Tuwe pia na nakala tatu za kumbukumbu muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya ofisi. Nakala iliyo ndani ya begi la kompyuta huibiwa pamoja nayo.

Windows na Apple zina huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea na kukifunga kwa mbali. Huduma hiyo iwashwe mapema, kwani baada ya wizi huwa tumechelewa. Nayo huonyesha mahali kifaa kilipo kinapoungana na intaneti.

Wizi ukitokea, tukitumia kifaa kingine tuifunge kompyuta na kubadili nywila za baruapepe na za benki. Tutoe taarifa polisi pamoja na namba ya utambulisho, na kupokea namba ya RB. Tuijulishe pia ofisi ya jimbo, na wale ambao taarifa zao zilikuwamo.

Ramani ikionyesha nyumba fulani, tusiende wenyewe wala tusipige yowe la mwizi. Alama hiyo yaweza kukosea kwa nyumba kadhaa, na umati wenye hasira hauulizi mara mbili. Tuwapelekee polisi taarifa hiyo. Kompyuta hununuliwa tena. Uhai wa mtu, awe mwizi au jirani asiye na hatia, haurudi.

Hatimaye, tujihoji sisi wanunuzi. Anayenunua kompyuta kwa bei ya kutupa, bila risiti wala kuuliza ilikotoka, ndiye anayemlipa mwizi mshahara. Kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai, na amri ya saba haimwachi nje mnunuzi.