Wachoma Makaa wa Ndola Wana Haki ya Kusikizwa

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, wachoma makaa kadhaa waliokuwa wakilinda matanuri yao msituni, karibu na mji wa Ndola katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia, waliona jambo angani. Baadhi yao waliitwa kulieleza, wakasikizwa nusunusu, kisha maneno yao yakawekwa kando. Zaidi ya miaka sitini imepita, na ulimwengu ungali unauliza ni nini hasa kilichomuua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Nia yangu leo si kumtaja muuaji, kwa maana hata kwamba marehemu aliuawa ni jambo ambalo halijathibitishwa. Ninachokusudia ni kuwaomba walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu tuutazame upya ushahidi wa tukio hili, na zaidi ya hayo tujiulize ulipimwa kwa mizani gani hapo kwanza.

Tuanze na yale yasiyobishaniwa. Hammarskjöld, raia wa Uswidi aliyeshika wadhifa huo tangu mwaka wa 1953, alikuwa akisafiri kutoka Léopoldville, mji unaoitwa sasa Kinshasa, kwenda Ndola kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga. Jimbo hilo la Kongo lenye utajiri mkubwa wa shaba, na ambalo Kiswahili ni lugha ya migodini na sokoni hadi leo, lilikuwa limejitangazia kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya Kongo kupata uhuru. Nyuma ya Tshombe walisimama wenye makampuni ya madini pamoja na mamluki wa Kizungu. Tarehe 13 Septemba 1961 mapigano yalizuka baina ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na yale ya Katanga, na Katibu Mkuu akafunga safari ili kuyasimamisha.

Ndege yake, aina ya DC-6 iliyopewa jina Albertina, ilichukua watu 16. Asubuhi ya siku hiyohiyo ndege hiyo ilikuwa imepigwa risasi ilipokuwa ikiondoka Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, ikabidi ikaguliwe na kutengenezwa huko Léopoldville. Kwa kuihofia ndege ya kivita ya Katanga, marubani walizunguka kwa njia ndefu ya mashariki na kwa muda mrefu hawakutumia redio. Yapata saa sita na dakika kumi usiku waliuarifu mnara wa Ndola kwamba wanaziona taa za uwanja na kwamba wanashuka. Baada ya mazungumzo hayo mafupi hawakusikika tena. Ndege ilianguka na kuteketea msituni, kiasi cha kilomita 15 kutoka uwanjani, na mabaki yake yakatangazwa kuonekana saa tisa alasiri ya siku iliyofuata. Mtu mmoja tu, Mmarekani Harold Julien wa kikosi cha usalama, alikutwa hai. Alikuwa ameungua vibaya, naye akafariki hospitalini tarehe 23 Septemba.

Chunguzi tatu zilifanywa upesi. Mbili ziliendeshwa na serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, serikali ya walowezi wa Kizungu ambao hawakuficha kwamba walimpendelea Tshombe. Tume ya Shirikisho ilikata shauri mwaka wa 1962 kwamba marubani walikosea, wakashuka chini kupita kiasi. Uchunguzi wa tatu ulikuwa wa Umoja wa Mataifa wenyewe, nao mwaka huohuo ulikataa kuufunga mjadala. Ulisema kwamba haukupata ushahidi wa kuthibitisha hujuma wala shambulio, lakini kwamba haungeweza kuyaondoa hayo katika orodha ya mambo yanayowezekana.

Haki hutaka tuseme kwamba hoja ya kosa la marubani si ya kupuuzwa. Magurudumu yalikuwa yamekwisha kuteremshwa, na ndege ilivikata vilele vya miti kwa mteremko mdogo, kama ndege inayokwenda kutua kwa utaratibu. Vipimo vya kimo vilipochunguzwa havikuonekana kuwa na kasoro. Ilikuwa usiku, katika uwanja usiozoeleka, baada ya safari ndefu. Ndege nyingi zimeanguka kwa sababu zisizozidi hizo. Risasi zilizopatikana katika baadhi ya maiti, ambazo zimezua uvumi mwingi, zilielezwa na wataalamu kuwa zilifyatuka zenyewe kwa joto la moto. Mwanafunzi mwangalifu hana budi kuyaandika haya yote katika daftari lake kabla hajageuza ukurasa.

Hata hivyo, katika ukurasa wa pili ndimo walimo wachoma makaa. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege zaidi ya moja: kubwa iliyokuwa ikielekea kutua, na nyingine ndogo iliyokuwa juu au nyuma yake. Wako walioona mwangaza wa ghafla angani, na wako waliosema kwamba ndege kubwa ilikuwa ikiwaka kabla haijagusa miti. Tume ya Shirikisho iliwasikiliza wachache, ikaamua kwamba hawakuwa wa kutegemewa. Wengine waliambiwa kwamba walichanganya mambo, na wengine wakashukiwa kuwa walisema vile kwa kuichukia serikali ya Shirikisho.

Tuipime hoja hiyo. Mwafrika aliyekawia kujitokeza aliulizwa mbona alinyamaza, ilhali baadhi ya wachoma makaa walitiwa gerezani kwa kuokota vitu katika mabaki ya ndege, na kila mmoja alijua hatari ya kukiri kwamba alifika pale mapema. Mwafrika aliyejitokeza bila ya kukawia alishukiwa siasa. Ni njia gani basi iliyobaki ambayo mtu huyu angeipita ili aaminiwe? Mnyonge hana haki, walisema wazee. Isitoshe, walioona mambo hawakuwa wachoma makaa peke yao. Hata miongoni mwa Wazungu alikuwako afisa wa polisi aliyesema aliona wekundu angani usiku ule.

Tena yuko Julien. Kabla ya kufa alisema, kwa maneno machache, kwamba kulitokea mlipuko, na tena kwamba aliona cheche angani. Tume iliyaweka maneno hayo kando kwa madai kuwa yalitoka kwa mgonjwa mahututi aliyepewa dawa za kumtuliza. Miaka mingi baadaye, daktari aliyemhudumia alieleza kwamba alipoyasema alikuwa na fahamu zake. Huyu ndiye mtu pekee aliyetoka hai ndani ya ndege.

Kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi ya yote. Timothy Kankasa, aliyekuja kushika nyadhifa serikalini katika Zambia huru, alieleza kwamba asubuhi ile wachoma makaa walimjia na habari ya ndege iliyoanguka, naye akawaarifu polisi. Mabaki hayakutangazwa kupatikana hadi alasiri. Uwanjani kwenyewe, Lord Alport, mwakilishi wa Uingereza katika Shirikisho, alikuwa ameshikilia kwamba yamkini Katibu Mkuu ameamua kwenda kwingine, na kwa hiyo usiku ukapita bila ya msako. Muda wote huo Julien alikuwa amelala msituni na majeraha yake, akipigwa na jua la Septemba. Hatuwezi kusema kwamba angepona lau angefikiwa mapema. Tunaloweza kusema ni kwamba neno la mchoma makaa, lau lingethaminiwa asubuhi ile, lingewafikisha waokoaji kwake saa kadhaa kabla.

Msomaji akumbuke kilichotokea miezi michache kabla ya hapo. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata wakuu wa Katanga walitangaza kwamba alitoroka kizuizini na kuuawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo mtupu, na hatimaye bunge la Ubelgiji lilichunguza, na mwaka wa 2001 likatambua kwamba Ubelgiji ilibeba lawama ya kimaadili. Katika kisa cha Lumumba, mwanakijiji alibebeshwa mauaji ambayo hakuyafanya. Katika kisa cha Ndola, alinyimwa imani juu ya aliloliona kwa macho yake. Yote mawili yalitokea mwaka mmoja, pande mbili za mpaka mmoja, na katika yote mawili wenye mamlaka walimtumia au kumtupa kama haja yao ilivyowaelekeza.

Walioyafufua maneno ya wachoma makaa ni watu wa baadaye. Göran Björkdahl, Mswidi aliyefanya kazi za maendeleo barani Afrika, aliwatafuta wazee waliokuwa bado hai akawahoji. Mtafiti Susan Williams alichapisha kitabu chake juu ya kifo hiki mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013 jopo la wanasheria lililoongozwa na Sir Stephen Sedley wa Uingereza likasema kwamba kuna sababu ya kutosha ya kuufungua upya uchunguzi. Umoja wa Mataifa ukaunda jopo lake mwaka wa 2015, na kazi ikakabidhiwa jirani yetu, Mohamed Chande Othman, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Jopo hilo lilitamka kwamba ushahidi wa walioona ndege zaidi ya moja, au moto kabla ya ndege kuanguka, una uzito wa wastani. Katika ripoti ya 2017 Jaji Othman aliandika kwamba inaelekea kuwezekana kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali hiyo, ama kwa kuipiga ndege ama kwa kuwashtua marubani. Hakuifuta hoja ya kosa la marubani.

Uzito wa wastani! Wako watakaolalamika kwamba ni kidogo. Mimi naona kwamba ndivyo apimavyo hakimu mwadilifu. Kumbukumbu ya mzee baada ya nusu karne si sawa na ya kijana aliyehojiwa siku ya pili, na kosa si la mzee. Ushahidi ule ungalikuwa na nguvu nyingi zaidi lau ungaliandikwa kwa makini mwaka wa 1961. Waliowapuuza mashahidi wakati ule hawakuwadhulumu wao tu, walitudhulumu na sisi tuliozaliwa baadaye.

Lakini wanafunzi wasije wakadhani kwamba dawa ya kupuuza ni kuamini kila kitu. Lisemwalo lipo, husema watu, na barazani methali hiyo yaweza kutosha. Katika somo la historia haitoshi. Mwaka wa 1998, wakati wa kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, zilitolewa nyaraka zilizodai kwamba kulikuwako njama ya kumwangamiza Hammarskjöld. Zilishtua ulimwengu, lakini uhalisi wake haujathibitishwa. Charles Southall, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani katika kituo cha kunasa mawasiliano huko Kupro, alisimulia kwamba usiku ule alisikilizishwa sauti ya rubani aliyekuwa akiishambulia ndege. Ni ushuhuda mzito, ila kanda yenyewe haijatolewa hadharani. Kipimo kilekile tunachotaka wachoma makaa wapimiwe, hatuna budi kuwapimia na hawa.

Na hapo ndipo tunapofika penye kiini. Mchoma makaa alitoa alichokuwa nacho, na wengine waliathirika kwa kukitoa. Serikali kubwa ndizo ambazo hazijatoa vyote. Katika ripoti ya 2019 Jaji Othman aliitaja Uingereza, Marekani na Afrika Kusini kuwa hazikushirikiana kama ilivyohitajika katika kuzipekua hifadhi zao za siri, na ripoti ya 2024 bado ilisema kwamba habari muhimu zimezuiliwa na mataifa machache. Vijana waliokuwa wakinasa mawasiliano usiku ule wamekwisha kuwa vikongwe au wamelala makaburini. Siri ya kijeshi ya mwaka wa 1961 inamlinda nani leo?

Sisi Wakenya hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la wageni. Waziri wetu wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, alipopotea Februari 1990, mwili wake ulitangazwa kupatikana katika kilima cha Got Alila tarehe 16, ilhali baadaye ilielezwa katika uchunguzi kwamba kijana mchungaji alikuwa ameuona tangu tarehe 13. Tume ya uchunguzi ikavunjwa mwaka wa 1991 kabla haijamaliza kazi. Hapa kwetu pia, aliyetangulia kuona alikuwa mtu wa chini, na neno lake lilikawia kuwafikia wakubwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa historia walipeleke darasani swali la Ndola. Wagawe darasa makundi mawili, moja litetee kosa la marubani na jingine lidai shambulio, na kila mwanafunzi atakapotaja shahidi aulizwe mambo matatu: shahidi huyu alikuwa wapi, aliweza kuona nini, na nani aliandika maneno yake. Cheo chake, lugha yake na rangi yake visiwemo katika maswali hayo. Wanafunzi wetu ndio makachero, mahakimu na makarani wa tume za kesho. Siku moja mtu mwenye masizi mikononi atasimama mbele yao na kusema, niliona. Wajue tangu sasa namna ya kumwandika.