Je, Wajua? Salfa ya Mikorosho na Dizeli ya Basi Ni Ndugu

Mikorosho inapochanua, wakulima wa Masasi na Newala hutoka alfajiri majani yangali na umande. Hufunga vitambaa puani, wakabeba mabomba mgongoni na kupuliza unga wa njano mpaka kwenye vilele. Ni salfa hiyo, ambayo wazee huijua kwa jina la kiberiti upele, na inazuia ugonjwa wa ubwiriunga usiyaunguze maua. Je, wajua kwamba salfa nyingi inayouzwa duniani siku hizi haichimbwi? Hutolewa kwenye mafuta ghafi na gesi asilia.

Haitoki kirahisi. Ndani ya mafuta salfa imeng'ang'ania kaboni, na kuyachemsha tu hakuwezi kuiachisha. Ndipo haidrojeni huitwa kusaidia. Dizeli hupashwa moto kupita nyuzi 300, ikachanganywa na gesi hiyo na kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mtungi mnene wa chuma uliojaa punje ndogo zenye kobalti na molibdeni. Juu ya punje hizo salfa huiacha kaboni na kufuatana na haidrojeni. Hapo huzaliwa gesi inayonuka kama yai viza, na hatari yake ni hii: ikizidi hewani, pua hufa ganzi. Mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inamwua. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta hubandika kifuani kipimo kidogo kinacholia kengele, kwa kuwa pua yake si ya kuaminiwa.

Gesi hiyo haitupwi. Sehemu yake huchomwa kwa njia iliyobuniwa na Carl Friedrich Claus mwaka 1883, na salfa hutoka ikiwa majimaji ya njano, ikapoa na kuganda.

Haidrojeni ikizidishiwa joto na shinikizo, huvunja hata mafuta mazito yakawa dizeli. Mjerumani Friedrich Bergius aliitumia kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta. Mwaka 1931 yeye na Mjerumani mwenzake Carl Bosch wakatunukiwa Nobeli ya kemia.

Januari 2015, kiwango cha Afrika Mashariki kwa dizeli kiliwekwa kuwa salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Maana yake, katika tani nzima, karibu mapipa 6 ya lita 200, salfa isizidi gramu 50, nayo ni konzi moja tu. Anayeshinda stendi akivuta moshi wa mabasi anastahili kujua hesabu hii, kwani salfa inayobaki kwenye dizeli humfikia yeye, ikamchoma macho na kifua.

Na kobalti ya zile punje? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa pande za Kolwezi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma hupeleka huko salfa, ikageuzwa asidi ya kuyeyushia shaba na kobalti kutoka kwenye mawe.